Mgeni wa Mzee Yonamine

Siku hiyo nilikuwa nashona sare za kwaya. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi: upepo wa vumbi, redio ya jirani ikiimba Kirundi, wanawake wakirudi kutoka bombani na ndoo kichwani. Shemeji yangu Honoré alikuja, akakaa kwenye benchi karibu na cherehani yangu, akaniambia amepata kazi Lilongwe. Alisema hivyo kama mtu anayesema kesho ni Jumanne.

Honoré ni mume wa dada yangu Cécile. Kule Bukavu alifanya kazi kwenye studio ya picha. Hapa kambini alipiga video za harusi, ubatizo na mazishi. Watu walimpenda kwa sababu mkono wake hautetemeki. Bibi harusi analia, wazazi wanalia, yeye amesimama na kamera yake kama nguzo ya umeme. Wengi walidhani ni ufundi. Sisi wa nyumbani tulijua ni ganzi.

Ganzi hiyo aliipata njiani. Tulipokimbia Bukavu na kushuka bonde la Ruzizi, tulikuwa na mama yake, Annonciata. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti nzito, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mbovu tangu zamani. Tulipofika kwenye mashamba ya miwa ya Kiliba akasema amechoka. Akakaa kwenye jiwe kando ya barabara, akajifunga vizuri kitenge chake cha buluu chenye samaki wa njano.

"Muende mutafute maji," alisema. "Mi niko hapa."

Tulikwenda. Tuliporudi hapakuwa na mtu. Miwa ilikuwa imesimama tu. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Hakukuwa na damu, wala kiatu, wala mtu aliyeona kitu. Waliokuwa nyuma yetu walisema risasi zinakaribia. Tukaondoka.

Honoré hakulia siku ile, wala mwaka ule, wala mwaka mwingine wowote. Douce, binti yao wa pekee, alizaliwa hapa Malawi na sasa alikuwa anasoma. Wazee wa kanisa walimshauri Honoré afanye matanga hata bila mwili. Alikataa bila hasira. Alikuwa anakula, anafanya kazi, anaitika akiitwa. Cécile aliniambia wakati mmoja kwamba kulala naye ni kama kulala kando ya mtu aliyekwenda safari.

Basi, aliyempa kazi alikuwa mjane wa Kijapani, Mama Yonamine. Mume wake alifundisha kilimo Malawi kwa miaka mingi, akafia hapa hapa, na yeye hakutaka kurudi. Anaishi mtaa wa Area 49 huko Lilongwe, kwenye nyumba yenye ukuta na mti wa parachichi uani. Alialikwa kwenye harusi moja hapa kambini, akamwona Honoré akisafisha kamera ya zamani kwa kipande cha kanga, akamuuliza kwa Chichewa, lugha ya hapa, kama anajua kanda za zamani, zile ndogo za kuweka ndani ya kamera. Honoré akasema anazijua.

Kanda zilikuwa za baba yake mzazi; Yonamine ni jina la baba huyo, si la mume. Mzee Yonamine alikuwa mwalimu kwenye kisiwa kimoja kidogo cha Okinawa, kusini kabisa ya Japani. Alinunua kamera mapema kuliko wenzake, akawa anapiga kila kitu. Alipokufa, nyumba iliuzwa, na ndugu wakamtumia binti yake sanduku la kanda. Zilikuwa zinaanza kuota ukungu. Alitaka Honoré azisafishe na kuzihamishia kwenye kompyuta kabla hazijaharibika.

Honoré akatafuta kibali cha kutoka kambini, akaanza kwenda asubuhi na kurudi alasiri.

Jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba alianza kuongea. Jioni, wakati Cécile anasonga ugali, alikuwa anatusimulia alichokiona. Mwanamke anaanika samaki juu ya ukuta wa mawe. Mtoto anaenda shule siku ya kwanza, mkoba mkubwa kuliko yeye. Wanaume wa kijiji kizima wanavutana kamba nene kama mwili wa ng'ombe, nusu huku, nusu kule. Mashua ndefu zinashindana, watu wanapiga upatu wa shaba. Vijana wanacheza na ngoma barabarani, kwa ajili ya wafu.

"Kwa ajili ya wafu?" niliuliza.

"Kila mwaka wanawaita," alisema. "Siku ya kwanza wanawapokea mlangoni. Wanawapa chakula. Siku ya tatu wanawasindikiza, wanarudi kwao. Wanawawekea na miwa, ikuwe fimbo ya kutembelea. Safari iko mrefu."

Cécile aliacha kukoroga. Sisi ni watu wa kanisa, hatuongei mambo hayo wakati wa chakula. Lakini hatukumkataza. Tulikuwa tumesubiri sana sauti yake.

Kisha kuna siku alirudi na hakusema kitu. Alikaa mlangoni, viatu miguuni, akitazama barabara. Nilimletea maji.

"Shemeji," aliniambia polepole, "mi nimeona mama."

Alinieleza. Kwenye kanda moja ya sikukuu ya wafu, familia ya Mzee Yonamine imekaa ndani inakula. Barazani, pembeni kabisa ya picha, kuna mwanamke ameketi, amewapa mgongo. Mnene. Kitenge cha buluu, samaki wa njano. Alidhani macho yake yamechoka. Akaweka kanda ya mwaka mwingine. Watoto wamekua, bibi wa familia hayupo tena. Mwanamke yuko palepale. Akaweka nyingine. Yuko palepale. Watu wote kwenye kanda wanazeeka, isipokuwa yeye.

"Weusi tuko wengi," nilimwambia. "Labda ni mugeni wa kutoka Afrika."

"Ile kanda ni ya wakati nasoma primaire," alisema. "Mama alikuwa anauza unga pale soko ya Kadutu, Bukavu. Kile kitenge hakikuwa kimetengenezwa hata."

Maji niliyomletea hakuyanywa.

Kesho yake alimuuliza Mama Yonamine. Alitegemea kuambiwa kwamba haonekani mtu. Mama Yonamine aliweka miwani, akatazama kioo cha kompyuta, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa picha ya jirani wa zamani.

"Ah, huyo," alisema. "Huyo ni mgeni wa Baba."

Akamweleza kwamba yeye alipokuwa msichana, baba yake alikuwa akimwona mwanamke huyo kupitia kamera tu. Akiitoa kamera jichoni, baraza ni tupu. Akiirudisha, yupo. Hakuogopa. Katika sikukuu ile, kila nyumba huweka pembeni bakuli la vyakula vilivyokatwakatwa, kwa ajili ya wafu wasio na watu wa kuwapokea, wanaotangatanga wakisikia ngoma za wengine. Mzee Yonamine alikuwa akilisogeza bakuli hilo mpaka barazani.

"Baba alisema anasubiri watu wake," alisema Mama Yonamine. "Alisema wamekawia."

Honoré hakumwambia Cécile habari hizo. Aliniambia mimi, kisha akaniomba nifuatane naye Area 49. Kulikuwa na kanda moja ambayo aliisikia nusu, akaizima. Alitaka mtu mwingine anayejua Mashi, lugha yetu ya nyumbani, asikie.

Nilikwenda. Chumba kilikuwa safi, mapazia yamefungwa kuzuia mwanga wa mchana. Nje mtu alikuwa anafagia majani ya parachichi. Mama Yonamine alinikaribisha chai, akakaa nyuma yetu kwenye kiti cha mikono.

Kwenye kanda ilikuwa sebule iliyojaa watu. Waliingia wageni wamejifunika nyuso kwa vitambaa na kofia za majani. Mbele yao walikuwa wawili waliovaa nyuso za mbao: babu na bibi, wamekenua, wana jino mojamoja. Mama Yonamine alieleza kwamba mchezo huu unaitwa Angama. Hao ni wazee wanaotoka kwa wafu. Watu huwauliza maswali juu ya maisha ya huko, nao hujibu kwa sauti nyembamba ya kuchekesha.

Mtoto aliuliza kitu. Bibi wa mbao akajibu. Watu wakacheka.

"Ameuliza kama huko kuna televisheni," alisema Mama Yonamine. "Bibi anasema ipo, lakini wazee wanagombania."

Hata mimi nilicheka kidogo.

Kisha ikasikika sauti ya mwanaume, karibu sana. Ilikuwa ya aliyeshika kamera, Mzee Yonamine mwenyewe. Aliuliza swali refu. Vicheko vikapungua. Nilisubiri tafsiri. Haikuja haraka.

"Baba anauliza," alisema Mama Yonamine, "yule mama wa barazani anataka nini."

Uso wa mbao uligeuka.

Mtoto mmoja alijificha nyuma ya mama yake.

Ndipo ikatoka sauti. Haikuwa nyembamba. Ilikuwa nzito, ya mwanamke mnene aliyechoka. Haikusema Kijapani.

Ilisema Mashi.

"Honoré. Nimepumzika ya kutosha. Mulisema munarudi. Munionyeshe nyumba."

Nilijua sauti ile. Iliwahi kunigombeza kwa kuunguza maharage.

Pembeni ya picha palikuwa na tarehe. Mwaka ule Honoré alikuwa hajabaleghe. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa.

Honoré alizima. Hakutetemeka. Alikaa mikono juu ya magoti, kama abiria.

"Nataka kuazima kamera ya Mzee," alimwambia Mama Yonamine.

Mama Yonamine alilivuta sanduku la kanda. Kamera ya baba yake ilikuwa mle mle sandukuni, bado inafanya kazi. "Kwetu anayemkaribisha mfu lazima pia amsindikize," alisema. "Mlango wa kuingilia ndio wa kutokea. Ukifungua wa kwanza bila kufungua wa pili, si mgeni tena. Anakuwa mwenyeji."

"Nimesikia," alisema Honoré.

Alikuwa amesikia. Hakuwa amekubali.

Jumamosi iliyofuata, mchana kweupe, nilimwona anatoka barabara ya lami akiwa na kamera jichoni. Alikuwa anatembea kinyumenyume, polepole sana, akipiga picha njia tupu mbele yake. Alipita sokoni, akapita wauza samaki wakavu, akapita kanisani. Wavulana wa kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, walimcheka. Alipofika karibu na mahali pangu nikasikia anavyoongea kwa Mashi, kwa sauti ya chini.

"Geuka hapa, mama. Hapo kuna mufereji, chunga mguu. Haya. Huyu ni Solange, unamukumbuka. Nyumba njo hii."

Lenzi ilikuwa imenielekea. Nilishusha macho kwenye kitambaa, nikaendelea kushona. Sindano iliingia kwenye kidole changu na sikuitoa mara moja.

Siku za kwanza zilikuwa nzuri. Lazima niseme ukweli huo. Honoré alilia. Alilia kama mtoto, amelaza kichwa kwenye mapaja ya Cécile, na alipomaliza akaomba chakula. Alicheka. Alicheza na Douce uani. Alimwambia Cécile kwamba amekuwa mzuri, jambo ambalo dada yangu hakulisikia tangu Bukavu. Nyumba ile ikawa na joto. Nilifikiri, kama hii ni dhambi, Mungu atatusamehe.

Lakini ganzi haikuwa imekwisha. Ilikuwa imehama.

Asubuhi moja nilinusa nyama inaungua. Niliingia kwa Cécile, nikamkuta amechuchumaa mbele ya mbaula. Anapepea moto kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ameuweka juu ya makaa.

Alikuwa ananitazama, ananiamkia.

Nilimvuta. Ngozi ya kiganja ilibaki kwenye makaa. Hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine.

"Sisikie kitu," alisema. "Ni tangu juzi. Nilizani ni baridi."

Kisha Douce. Mwalimu alimrudisha nyumbani kwa sababu alikuwa anaanguka. Mguu wa kushoto. Siku iliyofuata yote miwili. Tulimpeleka kituo cha afya, wakamgongagonga magoti, wakampeleka hospitali Lilongwe, wakampiga picha, hawakuona ugonjwa. Alirudi amebebwa mgongoni. Tulimkalisha kwenye mkeka, pembeni ya ukuta, na hapo ndipo alipokaa. Hakulalamika. Alikuwa anasogeza sahani yake upande, kama mtu anayekula na mwenzake.

Nilikaa naye alasiri moja.

"Mama mudogo," aliniambia, "koko anachoka sana."

Koko ni bibi. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kumwita mtu yeyote hivyo.

"Koko gani?"

"Huyu." Hakuonyesha kwa kidole. Alitazama tu mapaja yake. "Anasema atapumzika kidogo."

Niliangalia mapaja yake. Gauni lilikuwa limelala juu ya miguu, limebanwa, kama limekandamizwa na kitu.

Nilitoka nje. Nilisimama juani mpaka nikajua nina mwili.

Jioni ile nilimwambia Cécile yote niliyoyajua. Hakupiga kelele. Alimwambia Honoré kwa kunong'ona, mbele yangu, mkono wake umefungwa kitambaa.

"Umurudishe."

"Sitamuacha mara ya pili," alisema Honoré.

"Mutoto yako hatembei."

"Atatembea. Mama amechoka tu, amevuka mbali. Akishapumzika…"

"Honoré." Dada yangu alichukua ile kamera ya Mzee Yonamine, akamwekea mikononi. "Tangu siku ile hujaangalia tena mule ndani. Angalia. Angalia mutoto yako."

Alikataa mara moja kwa kichwa. Kisha akaiweka jichoni, akaielekeza kwenye mkeka.

Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Kuku aliingia, akatoka.

Aliposhusha kamera, uso wake ulikuwa umerudi ule wa zamani.

"Amemukalia," alisema.

Cécile alipiga magoti kando ya mkeka.

"Amemukalia miguu. Hajue. Anazani ni lile jiwe."

Nilimpigia Mama Yonamine. Alikuja kesho yake kabla ya saa sita mchana, na gari lake dogo jeupe, watoto wa kambi wakikimbia nyuma. Alileta wali, maji safi, ubani, na miwa miwili mirefu aliyonunua njiani. Alivua viatu mlangoni. Alimsalimia Douce, kisha akainama tena, chini zaidi, kusalimia mahali pasipokuwa na mtu.

Alipanga vile vitu kwenye kizingiti. Muwa mmoja aliukata kwa kimo cha mtu mzima aliyeinama.

"Si kumfukuza," alimwambia Honoré. "Ni kumpa fimbo ili asiegemee mtoto. Lakini maneno lazima yatoke kwako. Wewe ndiye uliyemwita."

Honoré alipiga magoti mbele ya mkeka, kamera jichoni. Nje ulikuwa mchana wa kawaida. Mtu alikuwa anauza mandasi, anaita wateja kwa Chichewa.

"Mama," alisema. Alilamba midomo. "Mama, umepumzika. Sasa ni safari."

Moshi wa ubani uliinama upande mmoja. Hapakuwa na upepo.

"Anasimama," alinong'ona Honoré.

Cécile alishika kifua.

"Amesimama. Ameshika muwa."

Muwa ulikuwa palepale kizingitini, umelala. Niliutazama wakati wote. Haukusogea. Lakini Douce alivuta pumzi ndefu, na gauni likajaa hewa juu ya miguu yake. Vidole vyake vya mguu wa kulia vikacheza. Kisha vya kushoto.

"Maman," alisema, "nina njaa."

Cécile alimkumbatia, akamvuta mbali na mkeka. Nilidhani yamekwisha. Nilianza kusema Baba Yetu.

Honoré hakushusha kamera.

"Anauliza njia," alisema.

"Ya wapi?" niliuliza.

"Ya kurudi. Hajue. Nilimuonyesha ya kuja tu." Akainuka polepole. "Nitamusindikiza mpaka ku barabara."

Kwetu mgeni hasindikizwi kwa macho. Unamtoa nje, unatembea naye kidogo, mnaongea, kisha unarudi. Hata mtoto anajua. Hakuna aliyeona kosa katika maneno yake isipokuwa Mama Yonamine. Alimshika mkono wa shati.

"Kwetu anayesindikiza anasimama getini," alisema. "Anabaki upande wa ndani. Geti lenu liko wapi?"

Tulitazamana. Dzaleka nyumba zetu hazina geti. Hazina ukuta. Mlango unafunguka, na nje ni nje, mpaka barabara, mpaka mlima.

Honoré alivuka kizingiti.

Alitembea kamera ikiwa kwenye jicho la kulia. Mkono wa kushoto aliutoa pembeni, umekunjwa kwenye kiwiko, kama mtu anayempa mzee mahali pa kushika. Alikuwa anakwenda mwendo wa mtu mwenye mguu mbovu. Cécile alimwita kwa jina mara moja. Aligeuza kichwa nusu, kwa heshima, kama mtu aliye katikati ya mazungumzo. Akaendelea.

Nilimfuata mpaka sokoni. Watu walikuwa wanampisha bila kujua wanampisha. Nilimfuata mpaka lami. Pale lori lilipita kati yetu, lori moja tu, refu, limebeba tumbaku ya kwenda mnadani Kanengo. Lilipomaliza kupita, upande wa pili palikuwa na barabara na shamba la mahindi yaliyovunwa. Mabua makavu mpaka mwisho wa macho. Mtu hawezi kujificha kwenye mabua.

Nilisimama. Sikuita. Najua unataka kusikia kwamba niliita.

Mwendesha kabaza mmoja alituambia amemwona njia ya Madisi, anakwenda taratibu, anacheka na mtu. Tulimuuliza na mtu gani. Alifikiri sana, akasema hakuangalia. Tulitoa taarifa kambini na polisi. Walimtafuta, kwa kweli walimtafuta. Kamera ilipatikana baada ya siku kadhaa, imewekwa vizuri juu ya jiwe kando ya barabara, kifuniko cha lenzi kimefungwa. Ndani hamkuwa na kanda. Mama Yonamine aliichukua kwa mikono miwili, akaifunga kwenye kitambaa. Kanda zilizobaki sandukuni alizihamishia mwenyewe. Nilimuuliza kama mgeni wa baba yake bado yupo barazani. Alisema baraza ni tupu, kwenye kanda zote, tangu ya kwanza.

Hakuniambia kama alifurahi.

Sasa mwaka umepita na zaidi. Kiganja cha Cécile kimepona, na anasikia moto. Anafanya kazi, anakula, anaitika akiitwa. Hatuongei juu ya Honoré. Watu wakituuliza tunasema amesafiri.

Douce anatembea, anakimbia, anaruka kamba na wenzake. Kuna kitu kimoja tu.

Wiki ile ile baba yake alipoondoka, tulipokuwa tunamuogesha, tuliona alama kwenye mguu wake wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Vidole vitano. Si jeraha, si kovu. Ngozi imebonyea kidogo tu, kama unga uliokandwa. Ni mkono uliomshika kwa nguvu, kutoka chini, kama wa mtu anayejizuia asivutwe. Tulifikiri ni wa koko. Tulifikiri itafutika.

Mtoto amerefuka. Gauni la mwaka jana halimtoshi. Alama haijarefuka wala kupungua. Jana nilikuwa nampima sare mpya ya shule, amekaa mbele yangu anakula muhogo, nikaweka mkono wangu juu ya ile alama, kidole kwa kidole, nione.

Vidole vyangu havikufika. Vya dada yangu pia visingefika. Mkono ule ni wa mwanaume.

Nilichukua sindano, nikamchoma pale katikati, kidogo. Kisha zaidi kidogo.

Douce aliendelea kula muhogo wake.